Nimerudi kwenye vyakula vya asili, lakini uzito umekwama

BARUA YA MSOMAJI

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 37, mkazi wa Ilomba hapa Mbeya, na ninauza vitenge na mashuka katika Soko la Mwanjelwa. Urefu wangu ni sentimeta 158, na nilipopimwa mwishoni mwa mwaka jana nilikuwa na kilo 84. Nilishtuka sana, maana nilipoolewa sikuwa nafika hata kilo 60. Muuguzi aliyenipima aliniambia kwa upole kwamba niachane na vyakula vya kiwandani nile vyakula vya asili, nami ushauri huo niliupokea kwa moyo wote.

Tangu wakati huo sijagusa soda, biskuti wala soseji, na chipsi za jioni pamoja na maandazi ya asubuhi nimeviacha kabisa. Nyumbani tumehama kutoka sembe kwenda dona. Sukari nimeiondoa kwenye vinywaji vyangu na mahali pake natumia asali ninayoletewa kutoka Chunya. Asubuhi nakunywa vikombe viwili vikubwa vya uji wa lishe wenye mahindi, ulezi, soya na karanga, na kila kikombe nakitia vijiko viwili vya chakula vya asali. Nikiwa dukani natafuna karanga za kukaanga, kikombe kimoja cha chai, ambacho hadi saa nane mchana kinakuwa kimekwisha. Mchana nakula wali kwa maharage yaliyoungwa kwa nazi, pamoja na parachichi moja zima, yale makubwa ya Rungwe. Jioni kabla ya kufunga duka nakunywa glasi ya juisi ya parachichi na embe inayotengenezwa pale pale sokoni. Usiku ni ugali wa dona, mboga ya majani na maziwa mgando.

Mwezi wa kwanza nilipungua kilo mbili nikafurahi. Baada ya hapo mzani umegoma kwenye kilo 82, na ni miezi sasa. Ninachojiuliza ni kwamba kama kila ninachokula kinatoka shambani, mwili unapata wapi cha kuhifadhi?

Rafiki yangu ananiambia kwamba ugali ndio unaoninenepesha na kwamba ninunue unga wa kopo unaokorogwa kwa maji na kunywewa badala ya mlo. Bei ya kopo moja ni sawa na faida yangu ya wiki nzima. Kwa upande mwingine tunaishi na mama mkwe wangu kutoka Tukuyu, ambaye ndiye anayepakua chakula cha usiku, na nikibakiza anaona nimemdharau. Ameshasema mbele ya watoto kwamba mke akikonda majirani watasema mume hamtunzi. Nyumbani tupo sita, wakiwemo watoto watatu, na wa mwisho ana miaka mitatu. Siwezi kupika sufuria mbili, kwa sababu hata sasa dumu la lita tano la mafuta ya alizeti tunalimaliza ndani ya wiki tatu.

Sina ugonjwa wowote ninaoujua. Dawa pekee ninayotumia ni sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi mitatu. Nisaidie, Shangazi, kwa sababu nimeanza kukata tamaa.

Mama wa watoto watatu, Ilomba, Mbeya.

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu. Nianze na yale unayotaka kuyajua kabla ya mengine yote: ugali usiuache, kopo usilinunue, na vile vyakula vya kiwandani ulivyoviacha usivirudie. Uzito wako umekwama kwa sababu nyingine, na sababu hiyo umeieleza wewe mwenyewe ulipoandika unachokula tangu asubuhi hadi usiku. Umeondoa vyakula vibaya, kisha nafasi zake ukazijaza kwa vyakula vizuri ambavyo hubeba nishati nyingi sana katika kiasi kidogo, na baadhi yake unavinywa pasipo kutafuna. Mwili hauulizi nishati imetoka shambani au kiwandani, iliyozidi huihifadhi.

Sitaki, hata hivyo, udhani kwamba yule muuguzi alikudanganya. Mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa watu wazima 20, ambao walikaa katika kituo kimoja kwa wiki nne wakihudumiwa chakula chao chote. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana kiwandani, na wiki mbili nyingine wakapewa vyakula vya asili, na katika nyakati zote mbili waliruhusiwa kula kadiri walivyopenda. Milo iliyowekwa mezani ilipangwa iwe na kiasi kinacholingana cha nishati, sukari, mafuta na nyuzinyuzi. Pamoja na hayo, walipokuwa wakila vyakula vya kiwandani walikula takriban kilokalori 500 zaidi kila siku na wakaongezeka karibu kilo moja, ilhali kwa vyakula vya asili walipungua kiasi kama hicho hicho, bila mtu yeyote kuwaambia wajinyime. Kilokalori ndicho kipimo cha nishati iliyomo ndani ya chakula, na mwanamke wa umri na umbo lako anayefanya kazi ya kukaa dukani hutumia takriban 2,000 kwa siku.

Watu wale walipungua kwa sababu walishiba mapema. Chakula ambacho hakijachezewa sana kina maji na nyuzinyuzi, kinahitaji kutafunwa, kinachukua nafasi tumboni, na kinaupa mwili muda wa kutoa taarifa kwamba umetosheka. Huo ndio msaada wake katika kupunguza uzito. Ukikisaga, ukakikamua, ukakikaanga au ukakiogesha kwa mafuta, jina la shamba linabaki lakini sehemu kubwa ya msaada huo inapotea.

Sasa tuiangalie siku yako. Vijiko vinne vya chakula vya asali katika uji wa asubuhi peke yake vina takriban kilokalori 250. Asali ni nzito kuliko sukari, kwa hiyo kijiko kimoja cha asali kina nishati nyingi kuliko kijiko hicho hicho cha sukari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, liliiweka asali na juisi za matunda katika kundi moja na sukari ya kawaida, na likashauri sukari za kundi hilo zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na zikiwa chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Asilimia 5 ni kama gramu 25, yaani vijiko sita vya chai vya sukari kwa siku nzima, na kiasi hicho wewe unakivuka kabla hujafungua duka. Asali ya Chunya ni nzuri, nami nafurahi kwamba unawaunga mkono warina asali wetu, lakini itoe kabisa kwenye uji na uibakize kwa siku ya kikohozi.

Karanga ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Gramu 100 za karanga za kukaanga, kiasi ambacho kikombe chako cha chai hakikosi kuwa nacho, zina takriban kilokalori 580. Mtu akiwa anapima kitenge na kupatana bei huku mkono mmoja unarudi kikombeni, hawezi kujua amekula kiasi gani, na akifika nyumbani ataapa kwamba hajala kitu tangu mchana. Karanga zina protini na mafuta mazuri, kwa hiyo sikuambii uziache. Nunua kiasi kinachojaa kiganja, kama gramu 30, zikiwa za kuchemshwa na maganda yake kama utazipata, kwa sababu kuzimenya moja moja kutakupunguzia kasi.

Parachichi kubwa la Rungwe linaweza kuwa na gramu 200 za nyama, na hiyo ni takriban kilokalori 320. Kula robo yake, na siku ambayo mboga imepikwa bila mafuta kabisa kula nusu, kwa sababu mafuta ya parachichi yatashika nafasi ya mafuta ya sufuriani. Tena ukila parachichi mchana na kulinywa jioni, umelila mara mbili. Juisi ya parachichi na embe acha. Embe zima linatafunwa, lina nyuzi zake zote na linamtosha mtu. Glasi inabeba maembe mawili au matatu, inamezwa ndani ya dakika mbili, kisha saa moja baadaye unauliza kuna nini cha kula. Ukitaka kitu cha jioni, chukua chungwa, kipande cha papai, au peasi wakati wa msimu wake, na ulitafune.

Halafu kuna lile dumu, na nimefurahi kwamba umelitaja ingawa ulikuwa ukizungumzia gharama. Lita tano kwa siku 21 kwa watu sita ni karibu mililita 40 kwa kila mmoja kwa siku, ambazo ni zaidi ya vijiko viwili vya chakula na zaidi ya kilokalori 300. Mtoto wa miaka mitatu hali fungu sawa na lako, kwa hiyo sehemu yako huenda ni kubwa zaidi. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori tisa, wakati gramu moja ya wanga au ya protini ina nne, na hesabu hii ni ile ile kwa alizeti ya kukamua, mawese ya Kyela, mafuta ya dukani, au mafuta ya bei kubwa kutoka nje ya nchi. Tukijumlisha asali ya asubuhi, karanga, parachichi na mafuta ya kupikia tunakaribia kilokalori 1,500, na hapo hatujagusa uji wenyewe, wali, maharage, nazi, ugali, maziwa wala juisi. Hapo ndipo kilo zako zilipojificha.

Uji wa lishe una heshima yake katika mikoa hii. Iringa na Njombe, pamoja na kulima chakula kingi, zimekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa mikoa yenye watoto wengi waliodumaa, na mchanganyiko wa nafaka na mikunde ulisisitizwa ili mtoto mwenye tumbo dogo apate nishati na protini nyingi katika vijiko vichache. Sifa hiyo inayomfaa mtoto wako wa miaka mitatu ndiyo isiyokufaa wewe. Mpe yeye uji huo, tena usimpunguzie karanga wala maziwa. Wewe asubuhi kula viazi mviringo vya kuchemsha pamoja na yai moja, au magimbi, au ndizi za kuchemsha kwa maharage yaliyobaki jana, na ushushie kwa chai isiyo na sukari. Chai ya Tukuyu yenye tangawizi haihitaji utamu, ingawa ulimi utachukua wiki chache kuzoea. Punguza kijiko nusu nusu mpaka kiishe.

Hapa niseme jambo kuhusu viazi, kwa sababu watu wanaotaka kupungua huviogopa bila sababu. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, wakiongozwa na Susanna Holt, waliwapa watu vyakula 38 tofauti, kila kimoja kwa kiasi chenye nishati sawa, kisha wakapima jinsi walivyojisikia kushiba kwa saa mbili zilizofuata. Chakula kilichoshibisha kuliko vyote kilikuwa viazi vya kuchemsha, zaidi ya mara tatu ya mkate mweupe. Gramu 100 za viazi vya kuchemsha zina takriban kilokalori 87. Viazi hivyo hivyo vikikatwa na kudumbukizwa katika mafuta ya moto, maji yake yanatoka na mafuta yanaingia, na gramu 100 za chipsi zinafika karibu kilokalori 300. Sisi tunaoishi chini ya safu ya Uporoto, ambako viazi vinashushwa kwa magunia karibu mwaka mzima, tuna chakula cha kupunguzia uzito mlangoni, na inaniuma kuona jinsi tunavyokijua zaidi kikiwa kwenye karai la mafuta kando ya barabara. Vichemshe na maganda yake baada ya kuvisugua vizuri, uvile na mboga, na usivipondeponde kwa siagi.

Kuhusu ugali, rafiki yako amekosea, ingawa wewe nawe huenda unatarajia mengi mno kutoka kwa dona. Unga wa dona na unga wa sembe una nishati inayokaribiana, kama kilokalori 360 kwa kila gramu 100 za unga mkavu. Tofauti ni kwamba sembe imekobolewa, ikaondolewa pumba na kiini pamoja na sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, vitamini na madini, ndiyo maana tonge la dona linakaa tumboni muda mrefu zaidi. Faida hiyo unaipata ukiwa tayari kuliacha tonge likushibishe. Ukila ugali wa dona kiasi kile kile ulichokuwa ukila sembe, uzito hautaona tofauti kubwa. Ugali wako wa usiku usizidi ukubwa wa ngumi yako, wali vivyo hivyo, na nafasi inayobaki ijazwe na vitu viwili ambavyo umevitaja kwa haraka sana katika barua yako: maharage na mboga za majani.

Umeandika kwamba usiku mnakula mboga ya majani, lakini hukusema ni mboga gani wala kiasi gani, na mchana wako haukuwa na mboga hata kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Unafanya biashara Mwanjelwa, mwanangu, ambako chainizi, kabichi, mnavu, majani ya maboga, figili, karoti na njegere mbichi vinapatikana hatua chache kutoka dukani kwako. Nusu ya sahani yako, mchana na usiku, iwe mboga. Maharage nayo yana protini na nyuzinyuzi kwa pamoja, na gramu 100 za maharage yaliyopikwa hazifiki kilokalori 130. Ukanda wetu ni wa maharage, na kituo cha utafiti cha Uyole kimejulikana kwa miaka mingi kwa mbegu zake za zao hilo, kwa hiyo hakuna sababu ya mkazi wa Mbeya kuyaona kama chakula cha kukosa nyama. Ukipata samaki au dagaa wa Ziwa Nyasa, badilisha. Maziwa mgando endelea nayo, kikombe kimoja, bila kuyatia sukari.

Sufuria mbili hazihitajiki. Chukua lile dumu, mimina mafuta ya siku moja kwenye chupa ndogo, na mkubaliane nyumbani kwamba hicho ndicho kiasi cha siku. Anza na mililita 120 kwa familia nzima, ambayo ni nusu ya mnayotumia sasa. Maharage yaloweke usiku, maji yake uyamwage, uyapike kwa maji mapya hadi yalainike kabisa. Kisha toa upawa mmoja wa maharage yaliyoiva, yaponde kwa mwiko hadi yawe rojo, na uyarudishe sufuriani pamoja na kitunguu, nyanya na karoti. Mchuzi utakuwa mzito na wenye ladha, na tui la nazi halitaulizwa. Kwa mboga za majani, tia kitunguu na nyanya kwenye sufuria na kijiko kimoja cha mafuta, funika, na uache nyanya zitoe maji yake kwa moto mdogo. Zikishavurugika, weka majani yaliyokatwa, geuza, funika tena kwa dakika chache, kisha ipua yakiwa bado na rangi yake. Watu wengi huongeza mafuta kwa sababu mboga inashika chini, na inashika chini kwa sababu moto ni mkali na sufuria haina mfuniko. Chumvi ipunguzwe kidogo kidogo kwa faida ya wote, hasa mama mkwe wako, kwa kuwa presha huongezeka na umri.

Watoto, na hasa yule mdogo, wasiingizwe katika kupungua kwako. Wao wanakua. Wapakulie mboga na maharage hayo hayo, lakini waongezee parachichi, maziwa, yai na karanga zilizosagwa, na wasisikie mazungumzo ya kunenepa na kukonda wakiwa mezani.

Mama mkwe wako namwelewa. Katika ujana wake sahani iliyojaa ilikuwa ushahidi kwamba nyumba ina amani, na mke aliyenawiri alikuwa sifa kwa mumewe. Ukisimama mbele yake ukatangaza kwamba uko kwenye mpango wa kupunguza uzito, atasikia kwamba unakikataa chakula chake. Mwendee mchana mkiwa wawili tu, umweleze kwamba hospitalini umeambiwa mwili umezidi na unaogopa presha na kisukari, kwa sababu una watoto wadogo wa kulea. Mama yeyote anaielewa hofu hiyo. Kisha mwombe akupikie kama walivyokuwa wakipika kwao Rungwe alipokuwa binti: ndizi za kuchemsha, maharage, majani ya maboga, maziwa. Utaona kwamba chakula hicho hakikuwa na mafuta mengi, na yeye atakuwa amepewa heshima ya kuwa mwalimu wako. Wakati wa kupakua, mwambie, "Mama, naomba unianzie na mboga nyingi, ugali nitaongeza mwenyewe nikihitaji." Asiyebakiza hadharau. Maneno ya majirani mwachie mumeo. Yeye ndiye mwenye nafasi ya kumwambia mama yake kwamba afya yako mmeiamua pamoja, na itakuwa vizuri ayaseme mbele ya watoto wale wale waliosikia yale ya mwanzo.

Juu ya kopo sina mengi. Mtu akibadilisha mlo mmoja kwa kinywaji chenye nishati kidogo anaweza kupungua, lakini hajajifunza kupika wala kupakua, na siku fedha ikikatika anarudi kwenye sahani ile ile. Kinachonitisha zaidi ni chai na vidonge vya kupunguza mwili ambavyo mara nyingi huuzwa na watu hao hao. Baadhi ya chai hizo ni dawa za kuharisha, na kinachopungua ni maji. Sibutramini, dawa iliyokuwa ikitumika kupunguza uzito, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kuonekana kwamba inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi, na tangu wakati huo imekutwa mara kadhaa ikiwa imefichwa ndani ya bidhaa zinazotangazwa kuwa za mitishamba. Faida yako ya wiki nzima nunulia mboga, samaki na mzani wa nyumbani.

Usitarajie tena kasi ya mwezi wa kwanza. Sehemu ya zile kilo mbili ilikuwa maji, ambayo mwili huyaachia mtu anapopunguza wanga na chumvi, kwa hiyo kusimama kwake hakukuwa kushindwa kwako. Kupungua kwa afya ni kati ya nusu kilo na kilo moja kwa wiki, tena si kila wiki. Kwa kilo 82 na urefu wako, uwiano wa uzito na urefu unakaribia 33, na kuanzia 30 huhesabiwa kuwa uzito uliopindukia. Hata hivyo, usianze kwa kuota kilo 60 za siku ya harusi. Ukipungua asilimia 5 hadi 10, yaani ukifika kati ya kilo 78 na 74, presha na sukari ya damu huanza kunufaika. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya kula, na kila mwezi pima kiuno kwa futi ile ile ya dukani, kwa sababu kiuno kinaweza kupungua wakati mzani umesimama. Kwa mwanamke, kiuno kinachozidi sentimeta 88 ni dalili ya hatari kubwa zaidi kwa moyo na sukari. Ongeza na kutembea, angalau dakika 150 kwa wiki, hata kama ni kwa kushuka kwenye bajaji kituo kimoja kabla ya nyumbani.

Limebaki jambo moja ambalo umelitaja mwishoni, nami sitaki lipite. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huwaongezea uzito baadhi ya wanawake, na kwa wengine ongezeko huanza kuonekana mapema, miezi michache baada ya kuanza kuitumia. Siwezi kusema kwamba ndiyo iliyokunenepesha, na usiiache kwa sababu ya maneno yangu, kwani mimba usiyoitarajia italeta mzigo mwingine. Nenda kliniki kabla ya tarehe ya sindano inayofuata, uwaulize kuhusu njia nyingine zisizo na athari hiyo, kama vile kitanzi cha madini ya shaba. Siku hiyo hiyo omba upimwe presha na sukari ya damu. Kama unachoka kupita kiasi, unasikia baridi kuliko wenzako hata nje ya miezi ya Juni na Julai, ngozi imekauka au hedhi imevurugika, mweleze daktari ili apime pia tezi ya shingo, kwa sababu ikilegea hupunguza matumizi ya nishati mwilini, na hapo mboga peke yake hazitatosha. Beba kadi yako ya uzazi wa mpango, na uandike kwenye karatasi tarehe uliyoanza sindano na uzito uliokuwa nao wakati huo.